Kiti cha Kulia: shajara ya banda la marubani, Tanga

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimeanza. Mkono wangu wa kushoto umo ndani ya POP, ile plasta ngumu, tangu Jumapili iliyopita, kifundo kimepasuka, na daktari kasema wiki sita. Wiki sita bila kuruka. Cheti changu cha afya cha daraja la kwanza, kile ambacho bila hicho leseni ya rubani ni karatasi tu, kimesimama mpaka daktari wa usafiri wa anga aniangalie upya. Kwa hiyo nipo nyumbani Makorora, namchambulia mama mchele kwa mkono mmoja, na kila apitaye barazani ananiuliza swali lile lile: "Mwenetu, kwani wewe huko kwenye ndege unafanya nini hasa?"

Swali halina ubaya. Linaloniudhi ni kwamba jibu wanalo tayari. Mimi ni rubani msaidizi, yule wa kiti cha kulia. Kwa Tanga yetu, huyo ni utingo wa ndege. Anakaa pembeni, anampa kapteni chai, na siku kapteni akishikwa na tumbo ndipo anashika usukani huku abiria wakisoma dua. Wala siwalaumu. Ndege ambazo watoto wa hapa wamezoea kuziona zikishuka ni vile vidogo vya injini moja, Cessna Caravan, ambavyo vinaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, na kiti cha kulia anaweza kukalia abiria. Binamu yangu amekikalia mara moja. Mpaka leo anasimulia kwamba "alimsaidia rubani" kutoka hapa hadi Pemba.

Mwalimu wa klabu ya sayansi wa sekondari ya jirani ndiye aliyenisukuma. Alikuja kunipa pole, akaniona nimekaa nahesabu vigae, akasema, "Dada, badala ya kuwaeleza watu mmoja mmoja, si ujenge kitu watoto waje wakikalie?" Basi mradi ndio huo: banda la plaiwudi mfano wa chumba cha marubani, viti viwili, dashibodi, sukani mbili. Watoto wakae kiti cha kulia, wafanye kazi yake kuanzia kabla ya abiria kupanda hadi ndege kusimama. Mfano tunauchukua kwa Dash 8 Q400, ndege ninayoirusha, ile ya rafadha mbili zenye mapanga sita kila moja. Mahali ni uani kwetu, chini ya mwembe. Fundi wa mtaani alitaka laki na nusu, tumemalizana kwa laki na ishirini pamoja na chai ya asubuhi.

Jumatatu, 7 Julai

Tumekata mbao, na tumegombana kidogo.

Fundi alikuwa amechora kiti cha kushoto kikubwa kuliko cha kulia, chenye egemeo refu. Nikamwambia viwe sawa. Akaniangalia kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Binti yangu, hata sebuleni kiti cha baba kinajulikana."

Nikamchorea mchangani. Upande wa kushoto kuna usukani, geji ya kasi, geji ya urefu kutoka usawa wa bahari na geji inayoonyesha ndege imelalia wapi. Upande wa kulia kuna vitu hivyo hivyo, na geji yake ya kasi inapokea upepo wa nje kwa mrija mwingine. Vishikio vya nguvu za injini viko katikati, kila mmoja anavifikia. Kapteni akirusha kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, mimi narusha kurudi. Siku yangu ya kurusha, mikono yangu ndiyo inayopaisha na kutua, na yeye ndiye anayeongea na mnara, anayekunja magurudumu na kusoma orodha ya ukaguzi. Abiria hawajui nani katua. Wakipiga makofi nami ndiye niliyetua, hawampigii mtu wanayemdhania.

Fundi akafikiri, kisha akauliza swali zuri kuliko ya wengi: "Kwa hiyo hakuna kitu cha mkubwa kabisa?"

Kipo. Ardhini, kishikio cha kuongozea gurudumu la mbele kiko kushoto tu. Nikishatua na kasi ikapungua, namkabidhi kapteni, yeye ndiye anayekata kona hadi kwenye maegesho. Na yeye ana mistari minne begani, mimi mitatu. Na neno la mwisho ni lake, mbele ya sheria.

"Sasa si ndiyo nilivyosema," akajibu, akarudi kwenye msumeno. Lakini viti vimetoka sawa. Nimevipima.

Ijumaa, 11 Julai

Dashibodi imekamilika kwa taka za mtaa. Geji ni mifuniko ya makopo ya maziwa, mishale ni vijiti vya ufagio wa chelewa, vitufe ni visoda. Mishale inavutwa kwa mshipi wa kuvulia kutoka nyuma ya ubao, kwa hiyo mtoto mmoja akikaa huko nyuma anaweza kuamua kila geji iseme nini. Hilo litatufaa.

Sukani ni vipini vya baiskeli. Kimoja tumekipata kwa fundi baiskeli wa Ngamiani. Kingine kimetoka kwenye baiskeli ya Mjomba, ile ambayo fremu yake imepinda. Kakileta mwenyewe, kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka mezani bila neno akaomba maji ya kunywa. Nitaeleza baadaye. Kipini hicho bado kina mkono wa breki, Fundi kasahau kuutoa.

Jumamosi, 12 Julai

Watoto wa kwanza, 14, wa kidato cha pili na cha tatu. Wote walitaka kupaa papo hapo. Nikawaambia leo hakuna kupaa, leo ni kazi ya kabla, na nikaona nyuso zikianguka.

Nilianza na saa. Ubaoni nikaandika: ndege inaondoka saa ngapi? Tiketi inasema 07:00. Mama nyumbani atasema saa moja asubuhi. Kwenye karatasi zangu za safari imeandikwa 04:00, kwa sababu anga lote la dunia linatumia saa ya pamoja iitwayo UTC, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Wakati ni ule ule mmoja, una majina matatu: moja, saba, nne. Rubani wa Kitanzania anatembea na saa tatu kichwani. Nilipoanza kazi niliwahi kumwambia mama nitafika "saa tisa", nikimaanisha tisa ya karatasi, ambayo kwake ni saa sita mchana. Nikafika wali wake haujapikwa, na mwenye makosa nikawa mimi niliyewahi kufika.

Halafu hali ya hewa na mafuta. Hapo nilipita haraka, maana hesabu ziliwachosha. Nilichotaka wakishike ni kimoja: hatubebi mafuta ya kufika tu. Tunabeba ya kufika, ya kukwepa kwenda uwanja mwingine ikishindikana kutua, na akiba ya mwisho juu ya hayo. Mimi napiga hesabu, kapteni naye anapiga. Zikitofautiana hatuondoki hadi tujue kwa nini.

Kisha tukatoka nje kulizunguka banda kana kwamba ni ndege. Mzunguko huo mara nyingi ni wangu: matairi, mapanga ya rafadha, kuvuja kwa mafuta au hidroliki, milango midogo iliyoachwa wazi, na vifuniko vya mirija ya pito. Mirija hiyo ni midogo, inatokeza kama kidole, inapokea upepo wa mbele, na upepo huo ndio unaoiambia geji kasi ya ndege. Ndege ikilala, mirija inavikwa vifuniko vyenye utepe mwekundu ili mtu asisahau kuvitoa.

"Kwani kisipovikwa?" akauliza mmoja.

Nikawaeleza habari ya Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, 6 Februari 1996. Boeing 757 ya kampuni ya Birgenair ya Uturuki ilikuwa imekaa chini siku nyingi bila vifuniko. Wachunguzi waliona kwamba mrija wa upande wa kapteni ulikuwa umeziba, na aliyeshukiwa zaidi ni nyigu, yule anayejenga kwa udongo. Kikundi kizima kikacheka, si kwa dharau, ni kwa kumtambua mwenyeji. "Kwetu amejenga ndani ya tundu la kitasa," mmoja akasema. "Kwetu ndani ya filimbi ya babu."

Ndege ilipokuwa inakimbia kupaa, kapteni aliona geji yake ya kasi haifanyi kazi. Hakusimama. Akamwambia rubani msaidizi amtajie kasi, wakapaa. Juu huko geji iliyoziba ikaanza kupanda yenyewe, maana hewa iliyonaswa ndani ya mrija inabaki na nguvu ile ile wakati hewa ya nje inazidi kuwa nyepesi. Ikasema ndege inakwenda mbio kupita kiasi. Rubani wa otomatiki, aliyekuwa akisoma upande wa kapteni, akainua pua kupunguza mbio ambazo hazikuwapo. Geji ya upande wa kulia ilikuwa inasema kweli: kasi inaporomoka. Watu 189 walikuwamo, hakupona hata mmoja.

Wakanyamaza. Halafu yule wa filimbi akauliza, "Sasa yule wa kulia si alikuwa anaona?"

Nikamjibu kwamba kinasa sauti kinaonyesha wenzake kapteni walikuwa wanagusia jambo, kwa upole. Akasema, "Kwa upole?" kama mtu aliyeonja chumvi kwenye chai.

Jumamosi, 19 Julai

Leo tumepaa, na zoezi limevunjika vibaya sana. Naandika yote.

Mpango ulikuwa hivi. Mwalimu akae kushoto, awe kapteni na ndiye anayerusha. Mtoto akae kulia, kazi yake kufuatilia. Wakati ndege inaongeza mbio, anayefuatilia anataja kasi: kwanza noti 80, kisha kasi ya uamuzi, kisha "inua". (Noti 80 ni shilingi ngapi, wakauliza. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852. Noti 80 ni kama kilomita 148 kwa saa.) Mwito wa 80 una kazi yake maalumu. Kila mmoja anaangalia geji yake na wanalinganisha, wakati bado kuna njia ya kutosha ya kusimama. Kasi ya uamuzi ikishapita, mkono wa kapteni unaondoka kabisa kwenye vishikio vya nguvu, ili asije akashawishika kuzivuta injini nyuma. Kuanzia hapo ndege itapaa tu, hata injini moja ikifa.

Nilipanga siri na kijana wa nyuma ya ubao: mshale wa kulia ufike 80, wa kushoto ugande kwenye 60. Na Mwalimu ajifanye hajaona.

Aliyekaa kulia kwanza ni binti wa kidato cha tatu, mchapakazi kweli kweli, anayejua kila geji kwa jina. Mshale wake ukafika. Akamtazama Mwalimu. Akatazama geji ya kushoto. Akafungua mdomo:

"Samahani Mwalimu... naomba kuuliza... sijui kama ni mimi nimekosea, lakini..."

Nilikuwa na saa mkononi. Sekunde 6. Kwa noti 80 ndege inameza mita 41 kila sekunde. Adabu ile ilikula karibu mita 250, zaidi ya urefu wa viwanja viwili vya mpira kama Mkwakwani, na hapo neno "kasi" bado halijatamkwa. Wala ndege haikumsubiri kwenye 80, ilikuwa inaendelea kuongeza.

Wa pili, kijana mpole, hakusema kitu kabisa. "Ndege" ikapaa na geji iliyokufa. Nikamuuliza, hukuona? Akajibu, "Niliona, Madam. Lakini nikajua Mwalimu naye ameona."

Wa tatu akacheka kwa aibu. Wa nne akamwangalia Mwalimu mpaka Mwalimu mwenyewe akaona haya akakohoa. Hapo tukasimamisha.

Jumapili, 20 Julai

Sikulala vizuri. Lile jibu la kijana mpole nimelisikia mahali, na nimelisikia kwa sauti yangu.

Sasa nieleze ya mkono. Jumapili ile nilikuwa nimekaa kwenye keria ya baiskeli ya Mjomba, ananipeleka Ngamiani kwa shangazi. Mjomba ameendesha baiskeli barabara hizo tangu sijazaliwa, na ananikumbusha. Tukakata kona, mbele nikaona mtaro ambao kifuniko chake cha zege kimevunjika. Niliuona mapema kabisa, kutoka juu ya bega lake la kulia. Muda ulikuwepo wa kusema neno moja. Sikusema. Nikajua Mjomba naye ameuona.

Mtu mwenye mistari mitatu begani, anayelipwa mshahara aseme anachokiona, anayepimwa kwenye simuleta kila miezi sita, amekaa kwenye keria na kuheshimu. Mjomba anadhani nimeumia kwa kosa lake, ndiyo maana kaleta kipini kile kimefungwa kwenye gazeti. Sijawahi kumwambia.

Jioni nikaenda kwenye baraza ya kahawa. Kuna babu pale aliyekuwa nahodha wa jahazi, Tanga hadi Pemba, Tanga hadi Mombasa. Baada ya shikamoo na kashata nikamsimulia zoezi lilivyokufa. Akaanza mbali, kama kawaida yao. Akasema nyinyi wa angani mmetuibia neno. Rubani ni mtu wa bahari, yule anayepanda meli ya watu kuiingiza bandarini kwa sababu anajua miamba. Meli inabaki na nahodha wake, mzito kuliko yeye pengine, lakini rubani akisema kata kushoto, wanakata.

"Na kwenye jahazi?"

Kwenye jahazi, wakikaribia fungu, kijana mmoja alisimama omoni, kule mbele kabisa, kuangalia rangi ya maji. Nikamuuliza kama kijana huyo alimwamkia nahodha kwanza. Babu akanitazama kwa muda. "Alikuwa mwanangu wa kumzaa. Asubuhi ananiamkia, usiku ananiamkia. Akiwa omoni anapiga kelele 'Mwamba kushoto!' na akichelewa nampiga bakora." Akanywa kahawa. "Angesema samahani baba, tungekuwa tumeshapanda mwamba."

Jumatano, 23 Julai

Nimekaa na Mwalimu tukaandika maneno ya banda. Kazini tunatumia Kiingereza, na mtoto atakayetaka kuwa rubani wa safari za kimataifa atapimwa Kiingereza chake, daraja la 4 kati ya 6 ndilo la chini linalokubalika. Lakini huku uani nataka kwanza mdomo uzoee kusema, na mdomo wa mtoto wa Tanga unazoea kwa Kiswahili.

Kazini tunafundishwa kupanda ngazi. Unauliza, unatahadharisha, unapinga, halafu unachukua. Tumeyaweka hivi, na tumeyabandika juu ya dashibodi kwa herufi kubwa:

"Kapteni, kasi yako ngapi?"
"Kapteni, geji hazilingani."
"Kapteni, simamisha."
"Nachukua."

Mwalimu alitaka "tafadhali" kwenye ule wa tatu. Tulibishana nusu saa. Nikamkubalia neno "Kapteni" libaki mwanzo wa kila sentensi, maana hilo lina heshima ya kutosha na pia linamgutusha mhusika. Tafadhali nimeifuta kwa kidole.

Tukaongeza kanuni ya miito miwili: ukisema mara mbili jambo la hatari na mwenzako hajajibu, mchukulie kama amezimia. Huenda amezimia kweli. Kila mara watu wanapowaza kapteni kazimia wanaona mtu kaangukia usukani. Mara nyingine amekaa wima, macho wazi, na hayupo.

Jumamosi, 26 Julai

Wamepona, tena wamepona kupita kiasi. Binti mchapakazi alisema "Kapteni, geji hazilingani" kabla mshale haujatulia. Mwingine, Mwalimu alipochelewa sekunde moja tu kuitikia, akavuta usukani na kupiga kelele "Nachukua!" hadi kuku wa mama wakaruka. Tukalazimika kurudi kwenye ngazi na kueleza kwamba ngazi ina vidato, na kwamba ndege inayoshikwa na watu wawili kwa wakati mmoja haina rubani. Lazima mmoja aseme anachukua, mwingine aseme kaachia.

Nikawapa mfano wa New York, 15 Januari 2009. Aliyekuwa anarusha wakati wa kupaa alikuwa rubani msaidizi, Jeffrey Skiles. Ndege wakaingia kwenye injini zote mbili (ndege wa mabawa, hapa Kiswahili chetu kinatuchezea), kapteni Sullenberger akatangaza anachukua, Skiles akaachia papo hapo na kushika kitabu cha dharura, akaanza kujaribu kuziwasha injini hatua kwa hatua. Wakatua Mto Hudson, watu 155, wote wakatoka hai. Kijana wa filimbi akasema huyo Skiles alikuwa utingo basi, kapokonywa usukani. Binti mchapakazi akamgeukia: "Na nani angesoma kitabu, wewe?" Sikuongeza neno.

Wakauliza pia ya Bukoba. Nilijua wataiuliza. 6 Novemba 2022, ndege iliyoanguka Ziwa Victoria, watu 43, waliofariki 19, marubani wote wawili wakiwemo. Nikawaambia kwamba nao walikuwa wawili, kushoto na kulia, na kwamba kesho yake nilivaa sare nikaenda kazini na hatukuzungumza njia nzima hadi kwenye ndege. Tukanyamaza kidogo. Kisha nikawaruhusu waulize ya chakula, maana walikuwa wanaogopa kuuliza.

Ya chakula: ndiyo, ni desturi ya kampuni nyingi kwamba marubani wawili hawali chakula kimoja. Kapteni akila samaki, mimi kuku. Samaki akiwa ameharibika, abaki mmoja mwenye tumbo zima. Hili limewafurahisha kuliko somo lolote la mwezi huu. Na ndiyo, chini ya futi 10,000 hatupigi soga, hata ya mpira, hata siku ya Coastal Union.

Jumanne, 29 Julai

Manyunyu usiku kucha, plaiwudi ya chini imeanza kufumuka. Fundi kaipiga rangi ya mafuta. Visoda vitatu vimeibwa na mdogo wangu.

Nimehesabu pia siku zangu. Ili nibebe abiria ni lazima ndani ya siku 90 niwe nimepaa mara 3 na kutua mara 3. Mara ya mwisho nilitua mwishoni mwa Juni. POP inatoka tarehe 11 Agosti, daktari wa anga baada ya hapo. Ikivuka Septemba, nitarudishwa simuleta kwanza. Mkono wa kushoto ndio unaoshika vishikio vya nguvu ninapokaa kulia. Kila asubuhi nakunja vidole vinavyotokeza, mara hamsini.

Jumamosi, 2 Agosti

Wazazi walialikwa. Walikuja wengi kuliko viti, na baraza ya kahawa ikahamia uani kwetu, Babu akiwa kwenye jamvi mbele.

Nikamwomba Mjomba akae kushoto. Akakataa mara mbili, akakaa. Akakishika kile kipini chake, akakigeuza kidogo kulia na kushoto, kama mtu anayepima kama bado ni kile kile. Kabla hatujaanza niliinama sikioni kwake nikamwambia ule mtaro niliuona. Akasema, "Najua. Nilikusikia ukivuta pumzi." Halafu akatazama mbele.

Kulia nikamkalisha yule kijana mpole. Nyuma ya ubao, mshipi tayari.

Mjomba akasukuma vishikio. Watoto wakaanza kuunguruma kwa midomo, ndiyo injini zetu. Mshale wa kulia ukapanda.

"Noti themanini," akasema kijana. Sauti ndogo, lakini kwa wakati.

Mjomba hakujibu. Alikuwa anawapungia mkono jirani kupitia kioo ambacho hakina kioo.

"Kapteni, kasi yako ngapi?"

"Ah, twende tu mwanangu, mimi njia hii..."

"Kapteni, geji hazilingani. Kapteni, simamisha!"

Uani pote kukawa kimya, hata waliokuwa wakiunguruma. Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo kwa wazazi, kwamba kwenye kampuni nyingi uamuzi wa kusitisha kupaa ni wa kapteni, ila kutaja kasoro ni kazi ya yeyote aliyeiona, na kadhalika na kadhalika. Sikuyasema. Vidole vya Mjomba vilikuwa vimeshabana ule mkono wa breki ambao Fundi alisahau kuutoa, haujaunganishwa na kitu chochote, ukalia ile kwiii yake ya siku zote.

Breki hiyo haimo kwenye mchoro. Nimemwambia Fundi asiitoe.